TSH iko sawa, mbona mama bado hoi?

Madaktari wanaotegemea TSH, ile homoni ya kuiamrisha tezi ya shingo inayopimwa kwenye damu, hawajakosea, tuanze hapo. Tezi ya shingo ikichoka TSH inapanda mapema, mara nyingi hata kabla mtu hajajisikia vibaya, ukimpa thairoksini (T4, homoni ya tezi kwa kidonge) dozi inayomtosha inashuka na wengi wanarudi kwenye shughuli zao fresh tu. Mimi nawazungumzia wanaobaki, maana inakadiriwa asilimia 5 mpaka 10 ya wanaomeza hivyo vidonge bado wana uchovu, baridi, kichwa kizito, na karatasi ya maabara inasoma vizuri kabisa. Hapa Mwanza mtu wa hivyo anaambiwa "mama majibu yako sawa, punguza mawazo", basi, anayefuata.

Sasa hiyo karatasi inasema homoni iko kwenye damu, ila homoni hii kazi yake kubwa inaifanya ndani ya seli. Dagaa wakijaa mwaloni Kirumba haina maana kwamba Buswelu kila nyumba imepika, lazima wapate wa kuwabeba. Zamani ilidhaniwa homoni inapenya yenyewe kwa vile inayeyuka kwenye mafuta, siku hizi inajulikana kuna protini za kuivusha, MCT8, MCT10 na nyinginezo, na kila kiungo kina mgao wake.

Wanaonigusa ni watoto wa kiume wanaozaliwa na jeni la MCT8 bovu. Ugonjwa wenyewe, Allan-Herndon-Dudley, ulielezwa 1944 ila chanzo kikajulikana 2004, miaka 60 yote hiyo! Kwenye damu yao T3, homoni ya tezi iliyo tayari kwa kazi, imejaa kupita kiasi, TSH kawaida au juu kidogo, lakini ubongo haupati homoni, mtoto hakai wala haongei, na hapohapo ini na moyo vimezidiwa nayo mpaka mapigo yanakimbia na mwili unakonda. Mtoto huyohuyo, damu hiyohiyo, huku njaa huku shibe. Sasa hapo TSH inakwambia nini?

Na TSH yenyewe inatoka pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo, ambayo ni hodari wa kujigeuzia T4 kuwa T3, kwa hiyo inaweza kuwa imeshiba wakati viungo vingine bado. Mwaka 1995 watafiti wa Hispania waliwatoa panya tezi wakawapa T4 peke yake, hakuna dozi iliyorudisha T3 sawa kwenye damu na viungo vyote kwa pamoja.

Upande wa pili watasema hao ni panya, na ule ugonjwa ni adimu mno. Kweli. Majaribio mengi ya kuwapa watu T4 na T3 pamoja hayakuonyesha nafuu zaidi kwa wastani, na ukizidisha dozi moyo unapiga ovyo na mifupa inaisha nguvu, kwa hiyo jamani msijiongezee vidonge wenyewe. Tena huku kandokando ya ziwa uchovu una baba wengi, malaria, kichocho, damu kupungua.

Sawa, basi hivyo vitafutwe! Huo wastani unaweza kumficha huyu mmoja aliyekaa mbele yako. Akirudi na majibu yaleyale apimwe damu na kichocho, aulizwe kidonge anakimeza saa ngapi na anakishushia na nini, maana chai ya maziwa na vidonge vya kuongeza damu vinakizuia tangu tumboni, kabla hata hatujafika kwenye seli.