Maganda 300,000 ya risasi, na kesi karibu sifuri

Mwaka 2015 Bunge la jimbo la Maryland, Marekani, lilifuta sheria ya kufuatilia bastola ambayo lenyewe lilikuwa limeitunga miaka 15 kabla. Nyakati zote mbili wingi wa viti ulikuwa mikononi mwa Democratic, chama ambacho kwa kawaida ndicho kinachotaka bunduki zidhibitiwe. Kwa hiyo anayesimulia kisa hiki kama ushindi wa wapenda silaha tu anaruka sehemu nzito ya habari.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Kila bastola mpya ililazimika kufika dukani na ganda la risasi iliyokwishafyatuliwa na bastola hiyohiyo, limefungwa ndani ya bahasha. Mteja akinunua, mwenye duka analipeleka ganda polisi. Bastola inapopiga, pini yake, yaani kijichuma kinachogonga risasi ili ilipuke, huacha alama kwenye kitako cha ganda, na alama hizo ndizo zilizopigwa picha na kuhifadhiwa kwenye kompyuta. Siku ganda likiokotwa palipouawa mtu, kompyuta ingetafuta linalofanana nalo, kisha polisi wangekwenda moja kwa moja kwa mnunuzi. Gavana wa wakati huo, Parris Glendening, aliipigania kwa nguvu, na sioni ajabu: ukielezwa kwa mara ya kwanza, unashangaa kwa nini haikufanywa zamani.

Ikatumika takriban dola milioni 5. Maganda zaidi ya 300,000 yakarundikana makao makuu ya polisi wa jimbo huko Pikesville, kwenye vyumba vya chini vilivyojengwa enzi za hofu ya bomu la nyuklia. Kompyuta ilipata yanayolingana mara 26 tu, na polisi wenyewe walisema katika mara hizo silaha ilikuwa imeshajulikana kwa njia nyingine. Watetezi wana kesi moja ya mauaji ya mwaka 2005 ambayo ushahidi wa mfumo huo ulifika mahakamani. Sawa, tuwahesabie hiyo. Jimbo la New York nalo lilianzisha mfumo kama huo mwaka 2001, likaufunga mwaka 2012 bila cha maana cha kuonyesha.

Kilichokwamisha si siri. Bastola ya silinda haitupi ganda, mhalifu anaondoka nalo. Pini inabadilishwa kwa dakika chache. Silaha nyingi zinazokamatwa Maryland zilinunuliwa kwanza Virginia, Pennsylvania na kwingineko, ambako hakuna aliyedai ganda. Tena sheria iligusa bastola tu. Mauaji ya kudungua watu kuzunguka Washington Oktoba 2002 yalipotikisa eneo hilo, silaha iliyotumika ilikuwa bunduki ndefu, na ilitoka duka la upande wa pili wa nchi. Kibaya zaidi, California ilipojaribu teknolojia hii mwaka 2001 kwa bastola 792 za aina moja, kompyuta ilishindwa mara nyingi kuliweka ganda sahihi hata miongoni mwa 15 ya juu kwenye orodha yake, hasa risasi za majaribio zilipokuwa za kampuni tofauti. Maana yake kila bahasha mpya iliongeza yanayofanana, na kazi ya kutafuta ikawa ngumu zaidi.

Hata hivyo, wanaotetea wana hoja moja ambayo haijibiwi kwa kicheko. Bastola mpya haiingii kwenye uhalifu kesho yake. Mara nyingi hupita miaka mingi, ikiuzwa na kuibwa, kabla haijamfyatulia mtu. Hazina ya kumbukumbu ya namna hiyo inahitaji muda ndipo ianze kulipa. Na Maryland haikuipa nafasi kamili, kwani kuanzia mwaka 2007 picha hazikuingizwa tena, ilhali bahasha ziliendelea kupokelewa kwa sababu sheria ilisema zipokelewe. Miaka minane ya kukusanya vyuma ambavyo hakuna anayevitazama! Hapo lawama ni ya watendaji kuliko ya wazo.

Mimi bado naona kufuta kulikuwa sahihi. Muda ungesaidia upande mmoja tu. Usingezuia bastola za majimbo jirani, wala usingeifanya kompyuta itofautishe pacha na pacha. Ninachokikataa ni kuitumia Pikesville kama ushahidi kwamba kufuatilia silaha kwa namna yoyote ni kupoteza fedha. Mtandao wa kitaifa wa NIBIN, unaosimamiwa na ATF, idara ya serikali ya shirikisho inayoshughulikia silaha, unatumia teknolojia ya jamii hiyohiyo, ila unalinganisha maganda yaliyookotwa kwenye matukio na silaha zilizokamatwa. Haumtafuti mnunuzi. Unamwonyesha mpelelezi kwamba risasi za Jumamosi mtaa huu na za wiki iliyopita mtaa ule zimetoka kwenye mtutu mmoja, na hilo linafaa endapo ganda litafika maabara ndani ya siku chache. Maabara nyingi zinachelewa kwa kukosa wataalamu wa kukaa kwenye darubini, na dola milioni 5 zingelipa mishahara ya wengi.