Mzani Haujui Joho na Koti

Mlimani sisi waongozaji tunaitwa magaidi. Hakuna ubaya ndani yake; ni neno la Kizungu, "guide", lililopita midomoni mwa wagumu, wale wapagazi wetu, miaka mingi mpaka likatoka hivyo. Lakini mgeni wa Dar anayeambiwa getini kwa mara ya kwanza "subirini, gaidi wenu anakuja" huwa anatazama gari lilipo. Nimepandisha watu Kilimanjaro miaka kumi na minne, na safari hii ndiyo pekee ambayo jina hilo nililistahili.

Wageni walikuwa wanne, wote wa ofisi moja Dar es Salaam, na walitaka kusimama kilele cha Uhuru asubuhi ya 9 Desemba 2024, kwa kumbukumbu ya Luteni Alexander Nyirenda aliyepandisha bendera na Mwenge kileleni Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961. Tarehe hiyo iliangukia Jumatatu. Kwa njia ya Marangu ya siku sita hesabu yake ni nyepesi: Alhamisi mnaingia getini na kulala kituo cha kwanza, Mandara, Ijumaa mnalala Horombo, Jumamosi mnabaki hapohapo mwili uzoee hewa, Jumapili mnakwenda kituo cha mwisho, Kibo, na saa sita usiku huohuo mnaanza kupanda kileleni.

Sasa, mtu wa Dar ana koti la kuvaa ofisini kwa sababu ya kiyoyozi. Koti la Kibo hana, na hakuna sababu ya kununua kitu cha bei ile akivae usiku mmoja. Kwa hiyo tunakodi Moshi. Na kukodi kuna namna yake. Zipu unaifungua na kuifunga ukiwa umevaa glavu, maana ndivyo utakavyoifungua huko juu. Suruali ya upepo lazima iwe na zipu ndefu pembeni, uweze kuivaa juu ya buti bila kuvua buti. Geita, yale mavazi ya kufunika buti na mguu kwa chini, unazifunga mguuni uone kama ule mkanda wa chini ya soli haujaliwa na mawe. Kazi hiyo niliifanya Jumatano mchana kwa saa nzima: makoti manne mazito, suruali nne, geita jozi nne, glavu kubwa zile zisizogawanywa vidole jozi nne. Nikavifunga vyote kwenye begi la shangazi kaja, lile la mistari ya bluu na nyekundu.

Simu ikaita. Mke wangu.

"Baba, bado uko Moshi? Pita kwa fundi uchukue majoho ya kwaya. Mama anayataka kabla ya Jumapili."

Mama ni mama mkwe wangu, mwenyekiti wa kwaya ya usharika wetu Marangu. Majoho ni 24, ya zambarau, yalikwenda kwa fundi kubadilishwa kola. Nikapita. Fundi akanikabidhi mzigo ukiwa umefungwa tayari, ndani ya begi la shangazi kaja, la mistari ya bluu na nyekundu.

Kesho yake asubuhi, Marangu Mtoni, mama alikuwa amesimama kando ya barabara na mwavuli. Nikashuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe wangu. Ndiyo haya?"

"Ndiyo haya, mama."

Nikamkabidhi begi kwa mikono miwili, kichwa nimeinamisha. Mtu haanzi kufungua zipu na kupekuapekua mbele ya mkwewe barabarani. Heshima ndiyo iliyoniponza.

Getini kila mzigo unapanda mzanini, kwa sababu mgumu haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20. Begi letu likasoma kilo 11. Mimi kichwani nilikuwa na 11: makoti yale ni mazito. Majoho 24 nayo, kumbe, ni kilo 11. Mzani haujui joho na koti, unajua kilo tu. Mvua ilikuwa imeanza, begi likatiwa kwenye kiroba lisilowe, kiroba kikafungwa kamba, mgumu akakitupa kichwani akapotea msituni.

Hapa ndipo niseme jambo linaloniuma. Vifaa hukaguliwa mara tatu: dukani, getini na Horombo. Sheria hiyo nawafundisha vijana wanaoanza kazi. Ile ya getini niliiruka kwa sababu ya mvua. Halafu njia nzima ya kwenda Mandara, mbega wakitutazama juu ya miti, nilikuwa nawahubiria wageni wangu kuhusu vifaa. Fulana ya pamba usiivae usiku wa kileleni, inanyonya jasho na kukugandia mgongoni. Betri za tochi na simu lala nazo ndani ya begi la kulalia, baridi inazimaliza chaji. Chupa ya maji iweke kichwa chini, maji yanaanza kuganda juu, kwa hiyo barafu itakaa kitakoni na mdomo utabaki wazi. Ule mpira wa kunyonyea maji begani utaganda kabla hamjafika nusu. Nikamalizia kwa sauti ya mchungaji: "Watu hawashindwi na mlima, wanashindwa na begi." Yule dada mdogo kuliko wote aliyaandika kwenye simu.

Ijumaa jioni tukafika Horombo, mita 3,720. Jua likizama pale baridi haipigi hodi. Dada akaniomba koti lake. Nikasema bila shaka, nikafungua kamba, nikafungua kiroba, nikavuta zipu. Zambarau.

Nikaifunga. Nikaifungua tena. Zambarau bado.

Mpishi wetu alikuwa anapita na sufuria ya supu, akachungulia begani kwangu.

"Kiongozi," akasema, "tunakwenda kileleni au tunakwenda mbinguni?"

Kabla sijamjibu simu ikatetemeka. Tangu 2022 Horombo kuna intaneti, TTCL waliipandisha, na mpaka jioni ile nilikuwa naisifia. Ilikuwa picha. Juu ya benchi la kanisa, zimepangwa vizuri kama maiti, suruali nne nyeusi za upepo. Kando yake geita, ambazo mtu alikuwa amejaribu kuzitambua akashindwa, akazilaza mbili mbili kama soksi. Chini yake ujumbe wa sauti wa dakika mbili na nusu. Mama hakupaza sauti. Alisema: "Mkwe wangu, tumeanza mazoezi. Waimbaji wananiuliza hizi suruali ni za sauti ya ngapi."

Tukakaa jikoni, mimi, msaidizi wangu na mgumu mmoja kijana wa Mamba, tukapiga hesabu. Bila makoti na suruali zile hakuna kupanda. Usiku ule huwa nyuzi 10 au 15 chini ya sifuri, halafu upepo juu yake. Kuazima kwa wagumu wa makundi mengine unaweza kupata koti moja, mawili, si manne, na unayemvua koti naye ana baridi. Mtu wa kijijini hawezi kutuletea begi, hana kibali cha kupita getini. Kilichotuokoa ni ile Jumamosi ya kupumzika. Horombo hadi getini ni kama kilomita 20. Kijana mwenye mapafu ya mlima akiondoka saa kumi na moja alfajiri, saa tatu anafika, wanabadilishana pale getini, na jioni amerudi. Kama ningeruka na ukaguzi wa Horombo, begi lingefunguliwa Kibo saa tano usiku, na huko hakuna hesabu ya kupiga.

Kijana akakubali kwa malipo ya siku mbili za ziada, kutoka mfukoni mwangu. Akaondoka gizani na majoho kichwani. Mimi nikawapeleka wageni kwenye Miamba ya Pundamilia, tukakaa juu kidogo, tukashuka kulala chini, na kila walipopiga picha mimi niliangalia saa.

Saa tatu na robo, simu.

"Kiongozi, niko na mama hapa getini. Amekaa kwenye jiwe. Anayahesabu."

"Mwache ahesabu."

"Ameshahesabu mara mbili. Yapo 23."

Nikageuka taratibu. Dada alikuwa amekaa juu ya mwamba anakula yai la kuchemsha, na chini ya sweta lake, kutoka kiunoni hadi magotini, kulikuwa na zambarau.

Alikuwa amelichukua Ijumaa usiku, alipoambiwa koti halipo, akalala nalo. Hakuona haja ya kusema. "Si ulisema vifaa vyetu vimo humo?" akaniuliza, na kusema kweli hivyo ndivyo nilivyosema.

Jumapili, tukiwa tunakata ile nyika kavu kati ya Mawenzi na Kibo, chini Marangu kwaya iliimba Majilio ya pili na mwimbaji mmoja wa sauti ya pili akiwa na kitenge.

Makoti yalikuwa yamefika salama jioni ya Jumamosi, lakini dada hakutaka kulivua joho. Nikalishika kitambaa. Ingekuwa pamba ningemkatalia pale pale. Ilikuwa polista, nyepesi, kavu, na kati ya sweta na koti inakamata hewa ya joto kama safu nyingine yoyote. Tatizo ni urefu. Joho limeshonwa kwa ajili ya mtu anayesimama mahali pamoja akiimba. Ukilichomeka ndani ya suruali linajaa kiunoni, zipu haifungi. Tukalipandisha tukalifunga na kanga.

Kutoka Kibo, mita 4,720, njia ni changarawe na vumbi la volkano, unakwenda mshazari kushoto, mshazari kulia, hatua moja mbele na nusu yake unateleza kurudi. Kanga ikalegea kabla ya Pango la Hans Meyer. Usiku huo neno langu la kila siku, polepole, halikupata nafasi, saa sita nzima nilikuwa nyuma ya mtu nikisema "inua joho, dada, inua joho." Kundi moja la wazungu lilitupisha njia kwa heshima kubwa. Nadhani walidhani ni ibada.

Mmoja wetu alitapika mara tatu pangoni, msaidizi akamshusha; hilo halina mjadala, kichwa kikiuma na tumbo likikataa ni kushuka. Mwingine alitosheka na Gilman's Point, ukingoni mwa kreta kabla ya Uhuru. Wawili walifika Uhuru, mita 5,895, jua likiwa limeshatoka. Kwenye picha dada amesimama chini ya kibao, koti jekundu juu, joho limeshuka lote chini mpaka kwenye geita.

Mchana tuliporudi Horombo nikakosea kwa mara ya pili: nikamtumia mama ile picha. Nilitaka ajue joho liko salama. Jibu likaja baada ya dakika kumi.

"Nimeona. Aliyevaa anaimba sauti gani?"

Jumanne jioni nikampelekea joho mwenyewe, limekunjwa, mikono miwili, kichwa kimeinama. Mama akalipokea, akalikunjua pale barazani, baraza lililosuguliwa asubuhi hiyo, akalishika mabegani na kulikung'uta mara moja. Kibo yote ikamwagika kutoka kwenye upindo, vumbi la kijivu, na vijiwe viwili vitatu vikabingirika mpaka miguuni kwangu. Mama akavitazama. Akanitazama.

"Fagio liko nyuma ya mlango, mkwe."