Cheti cha B2 hakikuandai kwa ukimya

Wanaojiandaa kuja Ujerumani kufanya kazi ya uuguzi huniuliza: B2, ile ngazi ya juu ya kati ya Kijerumani, ni ngumu? Der, die, das unazikariri vipi? Nawajibu, lakini sarufi siyo itakayowaliza. Aliyekulia kwenye ngeli za Kiswahili hatashindwa na jinsia tatu za nomino. Kinachoumiza ni kuwa mtu mzima mwenye akili zako halafu uonekane huna la kusema.

Nyumbani Tanga mimi ndiye niliyekuwa nasukumwa mbele ndugu wa mgonjwa wakija wodini na hasira, kwa sababu nilijua kuwatuliza. Hapa Stuttgart, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nikageuka yule dada mkimya. Sentensi ilikuwa bado inajipanga kichwani, namalizia kupeleka kitenzi mwishoni kama Kijerumani kinavyotaka mara nyingi, na mazungumzo yameshahamia kwingine. Tena darasani tulifundishwa Kijerumani sanifu, ila wazee wa huku wanazungumza Kiswabia, lahaja ya hapa. Wiki za mwanzo nilidhani cheti changu ni cha lugha nyingine.

Palipokuwa pagumu zaidi ni makabidhiano ya zamu asubuhi. Muuguzi wa usiku anasoma haraka haraka: nani hakulala, nani kakataa dawa, nani kidonda chake kimefunguka. Hapo unakaza masikio, maana ni maisha ya watu. Kisha mmoja anatupia utani, chumba kizima kinaangua kicheko, nawe unacheka usichokielewa. Nilikuwa natoka pale mpweke kuliko nikiwa peke yangu chumbani. Jioni nampigia mama, naongea saa nzima bila kupumua.

Kwetu mgeni akisema “mimi nataka kwenda soko” tunamshangilia na kumwongezea maneno. Wengi wetu Kiswahili tulikikuta baada ya Kisambaa, Kihaya au Kisukuma, kwa hiyo hatuna sababu ya kumcheka anayejifunza. Huku ukikwama, mtu anahamia Kiingereza hapohapo. Wengine wanafanya hivyo kwa wema kabisa, lakini mlango unakuwa umefungwa.

Hata hivyo, nisiwasingizie Wajerumani peke yao. Ukimya huu tumetoka nao nyumbani. Shule ya msingi ya serikali tunasoma kwa Kiswahili, tukifika kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, na anayekosea anachekwa na darasa zima. Mtoto aliyekuwa hodari wa kunyoosha mkono anajifunza kuinamisha kichwa. Kwenye darasa langu la Kijerumani, Wasyria na Waukraine waliongea na makosa yao wakasonga mbele, huku sisi wa Afrika Mashariki tukisubiri sentensi inyooke kwanza.

Aliyenifungua mdomo ni bibi mmoja pale kazini, amevuka miaka tisini. Nikimsuka nywele asubuhi ananiuliza habari za kwetu, halafu anasubiri. Nikikosea neno analirudia taratibu, kisha anataka kujua kilichofuata. Hana haraka, na hajawahi kunimalizia sentensi.

Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji na kazi, na Dar es Salaam pia vijana wanasomea Kijerumani kwa matumaini hayohayo. Mawakala wanawaeleza mshahara, viza na ngazi za lugha. Ni dhuluma kumpeleka kijana wa watu mbali hivyo bila kumwambia kwamba kwa muda atajihisi kapungua, na kwamba hilo si ugonjwa wala ujinga. Kozi ya serikali kwa wahamiaji huku ina saa 600 za lugha na 100 za sheria, historia na utamaduni. Ningependa baadhi ya saa hizo watu waulizwe tu wanavyojisikia.

Binamu yangu yuko Dar anasomea B1, ngazi iliyo chini ya B2. Nimemwambia ahame viti vya nyuma, na akifika huku asicheke asichokielewa. Aseme hajaelewa, waseme tena polepole.