Simu ya mshauri nasaha ishikwe na nani?

Mshauri nasaha anayejitegemea Nairobi hulipwa kwa saa anazokaa na mteja. Saa anazofuatilia bima, kutoa ankara za kodi kupitia mfumo wa eTIMS, kudai pesa za kikao cha wiki jana na kupangua miadi ya Alhamisi hazilipwi na mtu. Ndiyo maana wenzake wenye akili ya biashara humwambia aajiri karani, yeye abaki na wateja. Wengine hushikilia kwamba siri ya mteja haina mbia, kwa hiyo afanye yote mwenyewe hata kama atakesha. Kila upande una hoja nzito, ila naona wanabishania kiasi cha kazi ya kugawa wakati tatizo lipo kwenye kazi ipi itoke kwanza.

Tuanze na wanaotaka karani. Kikao kimoja huchukua kama dakika 50, na muda huo wote simu imezimwa. Mtu aliyechukua miezi kujipa moyo anapiga saa tano asubuhi, anakuta simu haipatikani, anapiga tena saa sita, hali ni ileile. Wengi hawarudii mara ya tatu. Huyu hakupotea kwa sababu mtaalamu hajui kazi yake. Amepotea kwa kukosa mtu wa kusema "haloo". Na mtaalamu aliyeandika madai ya bima hadi usiku wa manane atamsikiliza vipi mjane wa saa mbili asubuhi? Uchovu wake unamgharimu mteja. Watetezi wa siri huwa wanalipita jambo hili haraka mno.

Upande wa pili una hoja ambayo watu wa biashara hawaioni, kwa sababu kwao simu ni simu. Katika tiba ya mazungumzo, kupiga simu ni mwanzo wa kikao. Anayesema anamuulizia rafiki yake, anayeahirisha kila baada ya kikao kigumu, anayelipa kabla hajadaiwa, wote wanasema kitu. Sigmund Freud, mwasisi wa uchanganuzi wa nafsi, katika makala yake ya 1913 kuhusu kuanza matibabu, alisisitiza kwamba daktari azungumze pesa waziwazi na mgonjwa, na kwamba mgonjwa amekodi saa yake na atailipia hata asipofika. Waweza kumwona mkali, lakini hakumtuma mtu mwingine kuyasema hayo. Karani akipokea ujumbe "leo sitakuja" na kujibu "sawa, tupange lini?", miadi imepangwa vizuri na habari imepotea.

Halafu kuna swali la karani mwenyewe ni nani. Katika biashara ndogo huwa ni binti wa shangazi aliyemaliza chuo na hajapata kazi. Nairobi mtu anaweza kujificha kwenye umati. Katika mji mdogo kama Nyeri au Voi, karani huyo anaimba kwaya moja na mteja. Na siri zenyewe si za kusengenyana tu. Hadi Mahakama Kuu, kupitia Jaji Lawrence Mugambi, ilipokitangaza kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kuwa kinyume cha katiba mnamo Januari 2025, kujaribu kujiua lilikuwa kosa la jinai nchini Kenya. Faili ya mteja wa namna hiyo ilikuwa maelezo ya kosa, na karani aliyeifungua aliyajua.

Sheria haikatazi kugawa kazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na inataka anayechakata data kwa niaba yako awe na mkataba wa maandishi. Habari zikivuja kwa njia inayoweza kumdhuru mwenyewe, Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72. Biashara yenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 husamehewa kujisajili kwa Kamishna, lakini msamaha huo hauwahusu watoa huduma za afya. Binti wa shangazi anayelipwa kwa M-Pesa bila karatasi yoyote ni hatari ya kisheria, hata awe mwaminifu namna gani.

Sasa nirudi kwenye mpangilio. Wengi humwachia karani simu kwanza na kung'ang'ania vitabu vya hesabu, kwa kuwa pesa ndiyo inayowatia hofu. Mimi ningefanya kinyume. Mhasibu hahitaji jina la mteja ili akokotoe faida. Namba za ankara zinamtosha. Bima, ambayo huonekana makaratasi matupu, inataka uangalifu zaidi kuliko yote, kwa sababu fomu hubeba jina, tarehe na utambuzi wa ugonjwa kwenye ukurasa mmoja. Malipo nayo yanasema mengi. Kwenye simu ya kliniki ujumbe wa M-Pesa unaingia kila Jumanne jioni, jina lilelile, kiasi kilekile, anayeishika ameshajua. Upande wa mteja, ujumbe wake unaonyesha jina la biashara aliyoilipa, na mume anayependa kuchungulia simu ataliona. Ukumbusho usemao "usisahau kikao cha ushauri wa ndoa kesho saa nne" umevujisha siri bila mtu kuwa na nia mbaya. "Tuonane kesho saa nne" ungetosha.

Simu ningeitoa mwisho, tena kwa masharti. Karani aulize mambo manne tu: uitwe nani, namba ipi, ni salama kukutumia ujumbe, saa ngapi zinakufaa. "Shida ni nini?" asiiulize kabisa. Anayesema maisha yamemshinda asipangiwe miadi ya wiki ijayo. Karani agonge mlango, hata kama kikao kinaendelea.

Kwa mwenye wateja kumi kwa wiki, sidhani kama kuajiri kunalipa. Mshahara wa mtu mmoja unaleta kazi yake ya ofisi: kodi ya mshahara ya PAYE, akiba ya uzeeni ya NSSF, makato ya bima ya afya ya SHA ya asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na nyingine kwa mwajiri, yote mapema mwezi unaofuata. Wengine hukwepa gharama kwa kuchangia karani mmoja, wataalamu watano sakafu moja. Ni nafuu, mpaka siku mume anaingia chumba cha pili na mkewe cha nne, kila mmoja akidhani mwenzake hajui, na karani ndiye peke yake anayeona vitabu vyote viwili vya miadi.

Vyovyote atakavyoamua, mteja aambiwe siku ya kwanza ni nani ataona jina lake na kwa nini, asaini akikubali. Wengi hawatajali. Yule atakayesema "naomba niwe nakupigia wewe tu" akubaliwe, na mtaalamu atarudisha simu moja zaidi jioni.