Saa ya plastiki na saa ya laki

Ofisini kwetu Upper Hill, Nairobi, kuna swali huulizwa kwa kicheko: mtu mzima, na suti yake, anavaaje saa ya mtoto wa shule? Saa yenyewe ni Casio F-91W, plastiki tupu, dola 20 hivi. Anayecheka amevaa Tissot PRX ya mitambo, zaidi ya dola 700. Kwa shilingi, inakaribia laki.

PRX ni saa nzuri, tusidanganyane. Umbo ni la 1978, likarudishwa 2021: mkanda wa chuma umeshikana na kiwiliwili kana kwamba vimemiminwa pamoja, na kioo ni cha yakuti. Hujitia ufunguo kwa mwendo wa mkono na huweka akiba ya saa 80; ivue Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi bado inatembea. Tena ni ya mishale. Mshale mfupi ukigusa 7, saa moja yetu iko mkabala wake, kwenye 1, unaisoma bila hesabu. Casio yangu huandika 7:00, nami kazi yangu ni kutoa sita kila siku ya Mungu. (Ila saa ya mishale ya elfu mbili nayo ingenisomea vivyo hivyo.)

Sasa tuje kwenye wakati wenyewe. F-91W inaahidi kutopotoka zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi. Saa ya mitambo yenye cheti cha usahihi wa saa cha COSC cha Uswisi, ambacho PRX ya kawaida haina, inaruhusiwa kwa wastani kuchelewa sekunde 4 au kutangulia 6 kwa siku. Sita mara thelathini ni 180. Dakika 3 kwa mwezi! Hesabu hii nimeirudia mara nyingi kuliko inavyostahili, na kila mara inanifurahisha: unalipa mara 35, unapata ruhusa ya kupotoka mara sita. Wataniambia mwenye PRX hanunui dakika, ananunua ufundi. Haya, nakubali. Basi asinicheke kana kwamba yangu ndiyo haijui wakati.

Betri yangu ni ya miaka 7 hivi. Feki zipo, hata za saa ya bei hii, lakini kitufe cha kulia ukikishikilia sekunde tatu, ile halisi huandika CASIo.

Halafu kuna Nairobi yenyewe. Kwenye matatu, dirisha likiwa wazi, kutoa simu uangalie saa ni kuiaga. Hapo ndipo saa ya mkononi ina kazi. Juzi jioni tulishuka River Road na yule mwenzangu wa PRX. Kabla hata mguu haujagusa lami, alishavuta mkono wa shati ukafunika chuma chote, akafunga na kifungo. Tulipofika kona ya pili akaniuliza ni saa ngapi. Nikabonyeza taa, ile ya kijani isiyomulika kitu, nikatoa sita, nikamwambia.