Traktografia ya uwezekano: ramani ya nyuzi za ubongo tuiamini kiasi gani?

Juzi nilibishana na jamaa mmoja anayeshinda na picha za MRI kila siku, yeye anasema hii ya kufuatilia nyuzi za ubongo kwa uwezekano ni kubahatisha tu, ukiiachia programu ikimbie itapaka rangi ubongo mzima. Nimelifikiria sana hilo neno lake. Kuna sehemu yuko sawa kabisa, ila kuna sehemu mi siwezi kumfuata.

Kwanza tuelewane kinachopimwa, maana wengi wanateleza hapo. Mashine haioni nyuzi, inapima maji yanavyosogea. Chukua utambi wa kibatari uchovye ncha kwenye mafuta ya taa, utaona mafuta yanapanda kufuata nyuzi za utambi, na kwenye sehemu nyeupe ya ubongo maji nayo yanasogea kirahisi zaidi kufuata urefu wa nyuzi za neva kuliko kuzikatisha, ndo mwaka 1994 Peter Basser, James Mattiello na Denis Le Bihan wakaonyesha hesabu ya tensa inayogeuza vipimo hivyo kuwa mwelekeo. Sasa shida ni ukubwa. Kijisanduku kimoja cha picha, wanakiita vokseli, mara nyingi kina milimita 2 hivi kila upande, wakati uzi mmoja wa neva una unene wa karibu elfu moja ya milimita. Humo ndani nyuzi zimejazana malaki kwa malaki, halafu sisi tunapata kipimo kimoja cha jumla.

Njia ya zamani inachukua mwelekeo mmoja tu kwa kila vokseli na kuufuata hatua kwa hatua, na picha inatoka safi inapendeza. Lakini Ben Jeurissen na wenzake mwaka 2013 walikadiria kwamba asilimia 63 hadi 90 ya vokseli za sehemu nyeupe zina nyuzi zinazopishana, yaani mwelekeo zaidi ya mmoja. Angalia nyuzi zinazoshusha amri za mwendo kutoka juu ya ubongo. Zile za mguu zinashuka karibu wima na tensa inazipata bila taabu, ila za mkono na uso zinatokea pembeni na kukutana na nyuzi nyingine zinazopita kwa upande, basi mstari unapotelea hapo. Ukiiangalia picha utadhani mkono hauna njia kabisa, na daktari anayepanga kukata uvimbe eneo hilo anaona pako wazi.

Hapo ndo uwezekano unapoingia. Timothy Behrens na wenzake wa Oxford walitoa njia yao mwaka 2003, na 2007 wakaongeza kuruhusu mwelekeo zaidi ya mmoja kwenye vokseli. Programu inakubali kwamba haina uhakika, kila vokseli inabeba kundi la mielekeo inayowezekana, unachagua pointi ya kuanzia, mstari unatoka, kila hatua unachagua mwelekeo kufuatana na uwezekano wake, ukifika mwisho unarudia tena, kwenye FSL, programu moja ya kazi hii, kawaida ni mara 5000 kwa kila vokseli ya kuanzia, mwisho unahesabu mistari mingapi imepita wapi. Zile nyuzi za mkono na uso zinaanza kuonekana. Kwangu hiyo si bahati nasibu hata kidogo, ni shaka iliyowekwa kwenye hesabu, wakati njia ya mstari mmoja ina shaka hiyohiyo ila haituonyeshi.

Ila jamaa yangu ana pointi nzito kwenye namna watu wanavyozisoma zile namba. Mistari 4000 kati ya 5000 ikifika mahali, haimaanishi asilimia 80 ya nyuzi zinaenda huko, wala kwamba kuna asilimia 80 kuwa njia ipo. Inasema tu mstari unapita pale mara ngapi kwa kufuata data ile na modeli ile. Tena kila hatua inaongeza shaka, kwa hiyo sehemu za mbali zinaonekana dhaifu hata kama zimeunganishwa vizuri. Derek Jones na wenzake waliandika wazi mwaka 2013 kwamba tuache kuita hesabu hiyo idadi ya nyuzi, na bado unakutana nayo.

Kubwa zaidi ni shindano la kufuatilia nyuzi lililochapishwa mwaka 2017 kwenye jarida la Nature Communications. Timu 20 zilipewa data ya ubongo wa kuigiza wenye mafungu 25 ya nyuzi yanayojulikana, zikaleta matokeo 96. Nyingi zilipata karibu asilimia 90 ya mafungu ya kweli, lakini kwa ujumla zilizalisha mafungu ya uongo mengi kuliko ya kweli, na karibu nusu ya hayo ya uongo yalijirudia kwa timu tofauti. Hilo la mwisho ndo lilinikaa kichwani, maana tumezoea kuona programu mbili zikikubaliana basi tumeshathibitisha, kumbe data yenyewe haitofautishi nyuzi zinazopishana na nyuzi zinazogusana kisha kila moja ikarudi upande wake.

Kwa hiyo mi naona inategemea kosa lipi linaumiza zaidi. Kwa anayechora mtandao wa ubongo mzima, njia za uongo zinaharibu kila hesabu inayofuata, na huko namuunga mkono jamaa yangu asilimia mia. Lakini chukua upasuaji wa kifafa kwenye sehemu ya pembeni ya ubongo. Nyuzi za kuona zinatoka, zinakwenda mbele, zinakunja kona kali halafu zinarudi nyuma, wanaita kitanzi cha Meyer, na njia ya mstari mmoja mara nyingi inaikata kona hiyo mapema. Kisu kikipita hapo mgonjwa anapoteza robo ya juu ya eneo la kuona upande wa pili, na mtu anaweza kukosa ruhusa ya kuendesha gari kwa sababu hiyo. Ramani ya uwezekano inaifikia kona vizuri zaidi, na ikizidisha kidogo daktari atajihadhari na pasipo na kitu, bora hivyo.

Ninachodai ni kwamba ramani ikienda kwa daktari iende na kiwango ilichokatiwa, yaani idadi ya mistari ambayo sehemu ikiwa chini yake haipakwi rangi. Ukiweka kiwango juu sana kitanzi kinapungua, ukikiweka chini kinavimba, na rangi inayotokea kwenye skrini ni ileile. Tena fuvu likishafunguliwa ubongo unasogea kutoka pale ulipokuwa wakati wa kupiga picha, ndo maana madaktari kama Hugues Duffau wa Montpellier wanamwacha mgonjwa macho, anaongea na kusogeza mkono huku wao wanagusa nyuzi kwa umeme mdogo, neno likikwama wanajua hapo hapakatwi.