Maana za zamani za Kiingereza: nani mwenye haki nazo?

Mwaka 2013 magazeti ya Uingereza yaliwaka moto baada ya kugundua kwamba kamusi kubwa ya Oxford imeipa "literally" maana ya pili. Neno hilo tulifundishwa kuwa ni "kihalisi, neno kwa neno". Sasa kamusi inakiri kwamba watu hulitumia kutia chumvi pia, kama yule anayeapa kuwa amekufa kwa kicheko, "literally", na bado yu hai anakusimulia. Kilichonichekesha ni kwamba wahariri walikuwa wameingiza maana hiyo tangu 2011, na mfano wao wa zamani ulikuwa wa mwaka 1769. Upotoshaji wa vijana wa leo, basi, una umri wa zaidi ya karne mbili.

Hata hivyo wanaotetea maana za zamani si wazee wakorofi tu. Fungua Biblia ya Kiingereza ya 1611, Zaburi ya 119, umkute mtunzi akisema: "I prevented the dawning of the morning." Msomaji wa leo atadhani mtu huyo alizuia kusipambazuke. Kumbe aliamka kabla ya alfajiri kuomba, kwa sababu "prevent" enzi hizo ilikuwa kutangulia. Asiyejua maana ya zamani hasomi vibaya neno moja tu. Anasoma habari nyingine kabisa, tena bila kushtuka.

Ila si kila neno linastahili kupiganiwa. Chukua "decimate". Jeshi la Roma lilipotaka kuadhibu kikosi kilichoasi au kukimbia vita, askari walipigishwa kura na mmoja katika kila kumi akauawa na wenzake. Huko Uingereza, mwaka 1655, serikali ya Cromwell, aliyetawala baada ya mfalme kuondolewa, iliwatoza wafuasi wa mfalme kodi ya sehemu ya kumi, nayo ikaitwa kwa jina hilohilo. Leo neno linamaanisha kuangamiza sehemu kubwa ya kitu, na wapo wanaokukatiza katikati ya sentensi kukukumbusha ile moja ya kumi. Sijui ni lini mara ya mwisho mtu alihitaji neno la kuua mmoja katika kumi. Hapo naona ni kujionyesha tu.

"Disinterested" ni kesi nyingine. Maana inayotetewa ni mtu asiye na maslahi katika jambo, kama jaji anavyotakiwa kuwa. Wengi sasa hulitumia kwa mtu asiyejali, na hasara yake ni ya kweli: jaji asiye na maslahi tunamtaka, jaji asiyejali hatumtaki hata kidogo. Nilikuwa tayari kujiunga na walinzi hapa, mpaka historia ikaingilia. Katika karne ya 17 neno hilo lilitumika kwa maana ya kutojali pia, na "uninterested", ambalo leo ndilo la kutojali, lilianza na maana ya kutopendelea upande. Kwa hiyo inayoitwa maana ya jadi mara nyingi ni ile tu aliyoikuta mwalimu wetu. Samuel Johnson alilijua hili mapema. Alianza kamusi yake akitumaini kuituliza lugha isibadilike, lakini kufikia dibaji ya mwaka 1755 alikuwa anawacheka watunga kamusi wenye ndoto hiyo.

Mzaha unakwisha maneno yakifika mahakamani. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Heller, kuhusu sheria ya jijini Washington iliyokataza bastola majumbani. Swali lilikuwa: Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyopitishwa 1791, yaliposema "bear arms", yaani kubeba silaha, yalimaanisha nini? Jaji Scalia alifungua kamusi ya Johnson, chapa ya 1773, akatazama silaha ni nini, akatazama kubeba ni nini, akahitimisha kwamba raia ana haki ya kuwa na silaha hata asipokuwa mwanamgambo. Jaji Stevens alipinga: maneno hayo mawili pamoja yalikuwa nahau ya kutumikia jeshini. Scalia akashinda, kura tano kwa nne. Baadaye wanaisimu walipopekua hazina kubwa za maandishi ya karne ya 18, walikuta nahau hiyo ikitumika zaidi katika mambo ya vita na majeshi. Mtu akitafuta "piga" na "pasi" kila moja peke yake, hataambiwa kwamba nguo inanyooshwa. Majaji wote wawili walikuwa wakiitafuta maana ya zamani. Kamusi peke yake haikutosha kuipata.

Kwa hiyo nadhani maana ya zamani ni haki ya msomaji na ya hakimu kuliko kuwa fimbo ya kumchapia anayezungumza. Anayesoma andiko la 1611 au 1791 lazima alisome kwa Kiingereza cha wenyewe. Anayeandika leo ana kazi nyepesi zaidi: amtazame anayemwandikia. "Nonplussed" kwa jadi ni mtu aliyeduwaa asijue la kufanya, na kwa Wamarekani wengi sasa ni mtu asiyetikisika. Ukilitumia, nusu ya wasomaji wataelewa kinyume, hata kama kamusi iko upande wako. Mimi nimeliacha. Na jaji nikimsifu kwa Kiingereza, humwita "impartial".